Nimebangua korosho juzi, mbona mkono unawasha leo?

Msimu wa korosho ukifika huku Newala simu yangu haipumziki, kila mtu ana mkono wa kunionyesha. Maswali ni yaleyale so nayajibu hapa.

Swali: Kaka, juzi nimebangua korosho, sikusikia kitu, leo mkono umejaa malengelenge. Nimerogwa?

Jibu: Hujarogwa dada yangu. Mafuta ya ganda yana madhara mawili, la kwanza yanaunguza palepale, hilo kila mbanguaji analijua. La pili ni aleji, na hiyo inachelewa siku moja mpaka tatu kwa sababu inaletwa na seli T, wale askari wa kwenye damu, na hawa jamaa wengi hawatembei na silaha mfukoni, wanamtambua adui kwanza ndo wanaanza kuzitengeneza na kuitana. Silaha zenyewe zinaitwa sitokini, ndo zinaleta wekundu, uvimbe na huo muwasho.

Swali: Nani anaamua zitengenezwe?

Jibu: Hapa ndo utamu ulipo. Ni vimeng'enya, yaani protini za ndani ya seli zinazochapua kazi za kikemia. Antena ya seli T ikinasa kitu, kimeng'enya kinaitwa Lck kinabandika fosfeti, kibandiko kidogo cha kemikali, kwenye mkia wa antena, ZAP-70 anadandia hapohapo naye anabandikia protini nyingine, inaenda hivyo mpaka kalsiamu inafurika ndani ya seli na kumwamsha kalsinurini. Huyu ndo nampenda mimi, maana wenzake wanabandika, yeye anabandua! Kuna protini inaitwa NFAT imekaa nje ya kiini cha seli kama magunia ya korosho ghalani, imepigwa lakiri kila mahali, lakiri zenyewe ndo hizo fosfeti. Kalsinurini anazikata, NFAT inaingia kwenye kiini, ikisaidiana na wenzake jeni la sitokini ya IL-2 linaanza kazi. Kalsiamu ikishuka tu lakiri zinarudishwa, NFAT inatolewa nje.

Swali: Mjomba wangu kapandikizwa figo, anakunywa dawa wanasema inashusha kinga. Ndo mambo hayohayo?

Jibu: Kama ni takrolimusi, ndo hayohayo kabisa. Ilipatikana kwa bakteria wa kwenye udongo wa Tsukuba kule Japani, 1984, na inamfunga mikono kalsinurini. Seli T inaiona figo ya mtu mwingine, inapiga kelele weee, kalsiamu inajaa, ila lakiri hazikatwi. Kwa hiyo mjomba asiruke dozi hata siku moja, na akipata homa hata ndogo awahi kwa daktari, maana hao askari waliofungwa ndo walewale wa kupambana na vijidudu.

Swali: Basi na mimi nipake hiyo takrolimusi?

Jibu: Ya kupaka ipo ila ni ya cheti. Kwa mkono wa korosho daktari mara nyingi anaanza na krimu ya steroidi, usiazime ya jirani. Kesho ukirudi kubangua vaa glavu, mafuta yakikugusa osha na sabuni hapohapo. Macho yakivimba au pumzi ikibana, nenda hospitali usiku huohuo.

Swali: Mbona na embe siku hizi linaniwasha midomo?

Jibu: Embe na korosho ni ukoo mmoja, ganda la embe lina kemikali zinazofanana na za korosho, seli T zako zishakariri sura. Menya kwanza, usiling'ate na ganda.