Gari la dhana: kwa nini gari la michezo hubadilika kabla ya kufika sokoni

Gari la dhana ni gari ambalo kampuni hulitengeneza moja tu, au machache sana, ili kuonyesha wazo: umbo jipya, teknolojia mpya, au mwelekeo wa kampuni kwa miaka ijayo. Haliuzwi. Mara nyingi bodi yake imeundwa kwa mikono, na mengine hutembea polepole tu, ya kutosha kupanda jukwaani. La kwanza linalotajwa sana ni Buick Y-Job ya mwaka 1938, kazi ya Harley Earl wa General Motors.

Kwa wapenzi wa magari hapa Dar es Salaam, mfano ulio karibu ni gari la michezo la Toyota Supra. Januari 2014 Toyota walionyesha gari la dhana liitwalo FT-1 kwenye maonyesho ya Detroit, Marekani. Januari 2019 Supra yenyewe ikazinduliwa mjini humohumo. Ukizitazama picha za magari hayo mawili pamoja kwenye simu, utaona kwa nini vijana wengi walilalamika kwamba wameonyeshwa kitu kimoja wakauziwa kingine. Naelewa uchungu wao, lakini lawama ile haiwatendei haki waliolitengeneza.

Tazama kilichotokea. Toyota waliamua kushirikiana na BMW, kwa hiyo Supra ikakaa juu ya msingi mmoja na BMW Z4, ikapewa injini ya BMW ya lita 3.0 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ikaundwa Graz, Austria. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ukawa milimita 2,470, mfupi kwa gari la aina yake. Mchoro wa FT-1, uliokuwa mrefu na mpana, ulilazimika kuingia kwenye nafasi hiyo ndogo. Hata hivyo pua iliyochongoka imebaki, paa lenye vinundu viwili limebaki, na mabega ya nyuma yaliyotuna yamebaki. Nisichokipenda ni matundu ya hewa. Lile la mlangoni, ukilisogelea, utakuta limezibwa kwa plastiki.

Ushirikiano wa namna hiyo ni sababu moja tu. Nyingine ni sheria, na hapo boneti ndiyo huumia zaidi. Mtu akigongwa na gari, kichwa chake mara nyingi huangukia juu ya boneti. Chini yake kuna injini, chuma kisichobonyea. Ndiyo maana Ulaya na Japani zinataka magari yapimwe kwa usalama wa mtembea kwa miguu, na njia rahisi ya kufaulu ni kuacha nafasi kati ya boneti na injini ili bati la boneti lipate pa kubonyea. Boneti iliyolala chini kabisa kwenye gari la dhana hupanda. Anayevuka Barabara ya Morogoro kila siku ataelewa mara moja kwamba sentimita hizo zina thamani kuliko uzuri wa picha. Taa nazo zina kimo chake cha kisheria, bampa lazima lihimili mgongano mdogo, na nyuma lazima pawepo mahali pa kufunga namba. Vioo vya pembeni vyembamba kama wembe hubadilishwa na vioo vinavyoonyesha kweli gari linalokuja nyuma. Zaidi ya hayo, gari litauzwa nchi za usukani wa kulia na za usukani wa kushoto, kwa hiyo usukani na pedali lazima vipate nafasi pande zote mbili.

Halafu kuna kiwanda. Bodi ya gari la dhana inaweza kuchongwa kwa umbo lolote, lakini ya kuuzwa hutoka kwenye kalibu: bati la chuma linagandamizwa kati ya vipande viwili vizito. Bati lina tabia ya karatasi ya alumini tunayofunikia chakula: ukilibonyeza kwa kina na ghafla, linajikunja au linachanika. Mkunjo mkali ubavuni utalegezwa, au sehemu ile igawanywe vipande viwili na uonekane mstari wa kiungo ambao mbunifu hakuuchora. Kalibu ni ghali mno, na gari la michezo huuzwa kwa idadi ndogo.

Wakati mwingine injini ndiyo hubadilika. Honda walionyesha NSX ya dhana mwaka 2012 ikiwa na injini ya V6, yaani ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, iliyolazwa kwa upana wa gari. Baadaye wahandisi waliongeza turbo mbili, vifaa vya kusukuma hewa zaidi kwenye injini, na kuigeuza injini ikae kwa urefu. Bodi ikabidi irefushwe na kupanuliwa, na wabunifu wakairudia kazi yao.

Audi TT inafundisha upande wa pili. Ya dhana ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1995, na ilipoingia sokoni mwaka 1998 ilifanana nayo sana. Kila mtu akaisifu. Kisha zikatokea ajali za mwendo kasi, baadhi zikiwa na vifo, kwa sababu nyuma ya gari ilikuwa nyepesi barabarani kwenye kasi kubwa. Audi wakayarudisha magari, wakayafunga spoila ndogo, yaani kibawa cha kukandamiza nyuma ya gari, juu ya buti na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke, na saspensheni, yaani mfumo wa springi unaobeba gari juu ya magurudumu, ikarekebishwa. Ile spoila iliharibu mstari safi wa nyuma, na ilistahili kuwepo.

Lexus ndio ninaowaheshimu zaidi katika jambo hili. LF-LC ya mwaka 2012 iliundwa kama gari la maonyesho tu, na walioliona walidhani haliwezekani kuuzwa. Kampuni ilipoamua kulitengeneza, wahandisi walibuni upya saspensheni ya mbele ili boneti isipande. Januari 2016 gari la kuuzwa, LC 500, likaonyeshwa Detroit, na umbo lake lilikuwa karibu lilelile la jukwaani.