"Ni hapo tu": kabla hujanunua pikipiki ya kwenda kazini

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia na swali lile lile. Daladala zimemchosha, ana akiba kidogo, na kazini kwake si mbali. "Mwalimu, nikichukua pikipiki ya kunipeleka na kunirudisha tu, ni salama?" Kabla sijafungua mdomo anajijibu mwenyewe: "Maana ni hapo tu."

Hilo "hapo tu" ndilo linalonitia hofu. Nafundisha udereva wa pikipiki hapa Morogoro, na kabla ya hapo nilikuwa fundi, kwa hiyo nimeziona pikipiki zikiletwa gereji zimejikunja, wenyewe wakiwa bado wodini. Ukiuliza alikuwa anakwenda wapi, unaambiwa alitoka kununua vocha. Alikuwa anampeleka mtoto shule. Mimi mwenyewe mwaka 2011 nilianguka mita mia mbili hivi kutoka nyumbani, nikifuata mkate. Mkono wa kushoto ulivunjika kwenye kifundo, na wakati wa baridi bado unanikumbusha.

Jambo hili liliwahi kuchunguzwa. Mwaka 1981 timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, ikiongozwa na Harry Hurt, ilitoa ripoti baada ya kufuatilia ajali za pikipiki zipatazo 900 huko Los Angeles, watafiti wakifika wenyewe palipotokea ajali. Walikuta nyingi ni za safari fupi, kwenda dukani au kumwona rafiki, na zilitokea muda mfupi tu baada ya mtu kuondoka alikotoka. Nusu ya waendeshaji hawakuwa wamezidi kilomita 48 kwa saa kabla hatari haijajitokeza. Na tangu hatari ijitokeze, kwa kawaida mtu alibaki na muda usiofika hata sekunde 2 wa kujiokoa.

Hesabu kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo chetu maeneo ya makazi, kila sekunde unakwenda mita 14. Sekunde 2 ni mita 28. Ukishtuka kwa sekunde moja tu, nusu ya nafasi yako imekwisha na bado hujagusa breki.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu pikipiki, mimi namuuliza kuhusu njia. Mwaka jana alikuja dada mmoja anayeishi Tungi na kufanya kazi duka la dawa karibu na Msamvu. Nilimpakia tukaenda hadi kazini kwake saa moja asubuhi, muda ule ule ambao yeye angepita. Nilimwomba ahesabu kitu kimoja: ni wapi gari linalokuja mbele yetu linaweza kukata kulia na kupita mbele ya pikipiki. Kituo cha mafuta, barabara ya mtaani, geti la ghala, uwazi wa kuingilia sokoni. Alipofika kumi na moja akanyamaza.

Ajali iliyojirudia kuliko zote kwenye ripoti ile ndiyo hiyo: gari linakata mbele ya pikipiki inayokuja, na dereva anasema hakuiona. Mara nyingi hasemi uongo. Pikipiki kwa mbele ni nyembamba, na jicho lililozoea kutafuta basi na lori linairuka. Kwa huyu dada kulikuwa na kingine. Asubuhi anatoka mashariki, jua liko mgongoni kwake. Yeye anaona kila kitu vizuri, anajiona yuko salama, kumbe dereva anayekuja mbele yake jua linampiga machoni. Jua likiwa mgongoni mwako asubuhi, jihesabu kwamba hauonekani. Washa taa ya mbele hata kama kumekucha kabisa, na ukikaribia uwazi wowote punguza mwendo, vidole viwili vikiwa tayari juu ya breki ya mkono.

Breki ya mkono. Hapa ndipo ninapopoteza sauti kila wiki. Wanafunzi wengi wanakuja wamefundishwa na kaka zao kwamba breki ya mbele "itakubwaga", hivyo wanategemea mguu peke yake. Nimewahi kupokea pikipiki ambayo mwenyewe alikuwa ameifungua kabisa waya wa breki ya mbele ili asije akaushika kwa bahati mbaya! Ukweli uko kinyume. Unapofunga breki uzito wote unakimbilia mbele. Unauona hata kwa macho, shokapu za mbele zinazama. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kushika, la nyuma linakuwa jepesi. Ukikanyaga mguu pekee kwa nguvu, la nyuma linajifunga, linaburuza na kupinda pembeni. Hivyo ndivyo nilivyoanguka mimi.

Kinachombwaga mtu ni kuikwapua breki ya mbele kwa ghafla, au kuishika usukani ukiwa umekata, au juu ya mchanga. Inatakiwa ikandamizwe, kama unavyokamua embe bovu usitake limwagike: laini kwanza, halafu unazidisha, na mguu nao unafanya kazi yake. Tunafanya zoezi hili kwenye lami tupu, kwa mwendo wa kilomita 40. Anayetumia mguu tu na anayetumia zote mbili wanaachana hatua sita, saba. Barabarani, hatua saba ni urefu wa gari na zaidi. Kama hujafanya zoezi hili mara hamsini, hujawa tayari, hata kama leseni unayo mfukoni.

Kofia ngumu sitaijadili sana kwa sababu haina mjadala. Tathmini iliyokusanya tafiti nyingi, ambayo Shirika la Afya Duniani limeitumia kwa miaka, ilikuta kwamba kofia inapunguza kufa kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini ifungwe. Ivae, funga ukanda wa kidevuni, kisha mtu aishike kwa nyuma ajaribu kuivua kuelekea mbele. Ikitoka, ile ni bakuli tu. Na iliyowahi kupiga chini kwa nguvu kichwa kikiwa ndani usiivae tena, maana povu la ndani limeshabonyea na halirudi.

Kuhusu chombo chenyewe, ripoti ile ilikuta hitilafu za pikipiki zilisababisha chini ya ajali 3 katika kila 100, na nyingi ni pancha. Hesabu hiyo ni ya Los Angeles. Huku tunafunga vipuri vya kuokoteza na kubeba watu watatu, siichukui kama ilivyo. Ukinunua iliyotumika, kataa tairi kipara, na tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 1422 maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2022. Nyanyua gurudumu la mbele ulitikise. Likicheza, beringi au koni zimekwisha. Breki shuu ni za bei ndogo, anza nazo. Na kama unavaa dera au kitenge, hakikisha kava la cheni lipo.

Yule dada alinunua. Tulikubaliana asubuhi apite njia ya ndani, ya vumbi, ambako mwendo hauzidi 30 na malori hayapo. Mvua ikianza anasubiri, kwa sababu dakika zile za kwanza maji yanachanganyika na mafuta na vumbi, lami inakuwa sabuni. Zamu ya usiku anarudi na daladala.

Wiki mbili baadaye alikuja kaka anayefanya kazi upande wa pili wa kipilefti cha Msamvu, anatoka saa mbili usiku, na njia yake yote ni barabara kuu, katikati ya malori yanayoelekea Iringa na Dodoma. Tuliitafuta njia ya ndani pamoja, hatukuipata. Nilimwambia asinunue. Alikasirika kidogo, akasema ni dakika kumi tu.