Acheni kuniambia mikono yangu ina mbio

Jumamosi, kwenye harusi moja ya Kamalondo, sijamaliza hata kukusanya vyombo vyangu vya mazingaombwe, mzee mmoja akanishika bega: "Mwanangu, mikono yako iko mbio kupita macho yetu." Nilimshukuru, kwa sababu ni mzee na alisema kwa moyo mweupe. Lakini maneno hayo nimeyasikia Katuba, nimeyasikia Ruashi, nimeyasikia katika kumbi za mjini, na leo nayajibu kwa maandishi. Yangebaki kwa wazee nisingesema kitu. Shida ni kwamba vijana wanaojifunza mazingaombwe hapa Lubumbashi nao wanayaamini, na yanawaharibia kazi.

Hakuna mkono unaolishinda jicho mbio. Jicho linamwona nzi akipita. Mkono ukikurupuka, jicho ndilo la kwanza kushtuka: pale pamefanyika kitu. Hadhira inaweza isijue umefanya nini, lakini inajua umefanya, na inajua ni wakati gani. Mchezo umeshakufa, hata kama siri haijaonekana.

René Lavand, mwanamazingaombwe wa Argentina, alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka 9. Alicheza karata kwa mkono wa kushoto peke yake mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2015. Alikuwa akirudia mchezo uleule polepole, kisha polepole zaidi, akiwaambia watu kwamba polepole kupita hapo haiwezekani. Anayeniletea habari za mbio anieleze kwanza huyo. Kisha anieleze Tony Slydini, Mwitalia aliyefanyia kazi Marekani: alimkalisha mtazamaji kitini, akawa anarusha vidonge vya karatasi juu ya kichwa chake. Ukumbi mzima uliviona vikipaa. Aliyekaa kitini peke yake ndiye aliyeona vimetoweka, kwa sababu macho yake yalikuwa yameitwa kwingine.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, walilipima jambo hili. Mtu anarusha mpira juu, anaudaka, anaurusha tena. Mara ya mwisho anaubakiza mkononi na kuinua uso kana kwamba umepaa. Karibu theluthi mbili ya watazamaji walisema wameuona ukienda juu. Alipoutazama mkono badala ya kuinua uso, walioona hivyo walishuka hadi theluthi moja hivi. Mkono ni uleule na mwendo ni uleule; uso ndio uliobadilika.

Kwa hiyo ninachodai kwa anayekuja kujifunza kwangu ni sababu. Mkono uliobeba kitu usiende mahali bila sababu. Noti ikiwa imebaki kiganjani, siuingizi mkono mfukoni hivi hivi. Naenda kuchukua kalamu, na kalamu hiyo itaandika kweli, mbele yao. Tena siendi wakati meza imenikazia macho. Nangoja kicheko. Watazame watu wakicheka: mabega yanashuka, migongo inarudi kwenye viti, mmoja anageuka kumwangalia jirani yake kuona kama naye amecheka. Hapo ndipo mkono unapokwenda, kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo zake. Ukienda sekunde moja kabla ya kicheko, umeonekana. Ukienda baada ya migongo kuinuka tena, umeonekana vilevile. Hili halifundishwi mbele ya kioo, maana kioo hakicheki. Nenda ukacheze mbele ya watu.

Taa, muziki, pembe za kuonekana: jipange mapema. Harusini watu wamekuzunguka pande zote na watoto wamekaa nyuma yako, basi michezo inayoogopa kutazamwa kutoka nyuma ibaki nyumbani.

Lakini mchezo unaweza kuwa safi kabisa na bado ukapooza. Vijana wanaiga video za sarafu. Nani hapa kwetu anatembea na sarafu? Ukitoa sarafu ya kigeni, watu wameishuku kabla hujafungua mdomo. Mimi naazima dola 20 kutoka kwa mgeni mwenyewe. Namwomba asome namba za noti hiyo kwa sauti, jirani yake aziandike. Kisha naichana. Kila mtu mjini hapa anajua kwamba dola yenye mchaniko wa ukubwa wa kucha inakataliwa sokoni, na mbadilisha pesa wa barabarani anaigeuza mara mbili kisha anakurudishia. Kwa hiyo ile sauti ya karatasi ikichanika inanyamazisha hata meza ya wanaokunywa. Nami nakaa kimya nao. Kijana mwenye mbio anairudisha nzima kabla mwenye noti hajapata muda wa kuihuzunikia, halafu anashangaa makofi ni machache. Muujiza gani utapokelewa na mtu ambaye hajapata hasara bado?

Robert-Houdin, yule mwanamazingaombwe Mfaransa aliyeanza kama fundi wa saa, alikuwa na kisanduku chenye chuma chini na sumaku ya umeme iliyofichwa jukwaani. Umeme ukiwashwa, hakinyanyuki. Paris kilikuwa cha kuburudisha. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, na huko hakusema tena kwamba kisanduku kimekuwa kizito. Alimwambia mwanamume mwenye misuli kwamba anamnyang'anya nguvu zake. Kifaa ni kilekile, lakini watu waliogopa. Naheshimu ufundi wake, na nachukia alichoufanyia: aliutumia ili watu waliotawaliwa waamini kwamba mtawala ana nguvu za ajabu. Maneno unayoyaweka juu ya mchezo yana uzito kuliko sumaku.

Ndiyo maana kuna jambo moja ninalotofautiana na waalimu wetu karibu wote. Wanasema katika onyesho la watoto, mpe mtoto mmoja fimbo, yeye ndiye afanye muujiza, ashangiliwe. Mimi simpi. Nchini kwetu Kongo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi, mpaka sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikalikataza jambo hilo waziwazi. Siwezi kumsimamisha mtoto wa watu mbele ya shangazi zake na majirani, nikasema kwamba mkono wake ndio uliotowesha kitu, kisha mimi nikafunga sanduku langu na kuondoka. Yeye anabaki pale. Mwezi ujao mtu akiugua katika nyumba ile, sijui ni nani atakayekumbuka.

Badala yake nawaambia watoto wote wapulize pamoja, na kabla ya kuanza natangaza wazi kwamba huu ni mchezo wa kujifunza, kama ngoma. Wenzangu wanasema tangazo hilo linapunguza ladha, na kupuliza pamoja hakuna joto la mtoto mmoja anayeng'aa mbele ya wenzake. Kuhusu joto wana haki, naliona kwenye nyuso. Kuhusu tangazo bado sina hakika: kuna siku ukumbi unapiga kelele zaidi baada ya kuambiwa ni mchezo, na kuna siku unapoa palepale. Tangazo siliondoi. Natafuta namna ya kulisema ambayo haipozi watu, na aliyeipata aniandikie.