Ugali, nsima, posho, sadza: acheni kusema ni kilekile

Kila unapoandaliwa mkutano wenye wageni wa nchi kadhaa, hakosekani mtu wa maandalizi wa kuniambia hivi: "Mpishi, wewe andika ugali tu. Wamalawi wanaita nsima, Waganda posho, Wazimbabwe sadza, lakini ni kilekile." Anasema kwa nia njema, anadhani ananipunguzia kazi. Mchana sahani zinarudi jikoni tonge limemegwa moja, na lawama haziendi kwake. Wiki hii nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha upishi. Nimechoka nayo, kwa hiyo naandika.

Kinachofanana ni unga, maji, moto na mwiko. Ukitosheka na hapo, basi mkate, chapati na maandazi navyo ni kitu kimoja, maana vyote vinatoka kwenye ngano na maji. Hakuna anayesema hivyo kuhusu ngano. Kwa nini mahindi yetu tunayasemea ovyo namna hii?

Tuanze na unga, kwa sababu ugali unaharibika au kupendeza kabla sufuria haijabandikwa. Dona na sembe mnavijua, sivirefushi: dona imesagwa na ganda lake na kiini chake, sembe imekobolewa kwanza. Kosa linaanzia kwenye rangi. Watu wanaona unga mweupe wa Tanzania, unga mweupe wa pakiti wa Kenya na unga mweupe wa Malawi, wanahitimisha ni unga mmoja. Ufa woyera wa Kimalawi, ule unaotengenezwa kwa njia ya kienyeji, haukukobolewa tu. Mahindi yanakobolewa, yanalowekwa kwenye maji siku kadhaa, yanaoshwa, yanaanikwa juani, ndipo yanasagwa. Kule kulowekwa kunalainisha punje na kuanzisha uchachu kidogo. Unga unatoka laini kama vumbi, una harufu yake, na nsima yake inateleza mdomoni kwa namna ambayo sembe ya mashine haitaifikia hata uichekeche mara ngapi. Kusini mwa Tanzania wapo wanaoloweka vilevile, na ukila ugali wao kisha ukala wa Dar es Salaam utajua ninachosema bila kuelezwa.

Wamalawi wenyewe wana neno tofauti kwa unga usiokobolewa: mgaiwa. Zimbabwe ni mugaiwa. Zambia, ambako wanaiita nshima, dukani utaulizwa unataka "breakfast" (unga uliokobolewa sana) au "roller" (uliokobolewa kidogo), na anayekula nshima ya breakfast nyumbani atakueleza bila kuficha kama umempa ya roller. Kwa hiyo hata ndani ya jina moja, katika nchi moja, si kilekile. Mwaka 2017 UNESCO ilipoiingiza nsima ya Malawi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, haikuingiza bonge la ugali. Iliingiza mlolongo mzima, kuanzia kutwanga mahindi na kutengeneza unga hadi kuchagua kitoweo na namna ya kuandaa na kupakua. Mlolongo huo ndio chakula chenyewe. Ukiubadilisha, umepika kitu kingine, hata kama kinaliwa kwa mkono na kina umbo la duara.

Sasa sufuriani. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wanaojiita wajuzi wanapopita mbio.

Jikoni kwa Wakenya wengi, maji yanachemka, unga unamwagwa, mwiko unafanya kazi. Ugali unatoka mgumu, una chembechembe kidogo, unapinduliwa kwenye sahani ukasimama, na unaweza kukatwa kwa kisu. Ndivyo unavyotakiwa uwe. Kwa Watanzania wengi unaanza na uji: unga kidogo unakorogwa, uji unachemka, kisha unaongeza unga na kusonga. Malawi na Zambia nao wanaanza na uji, lakini wanauacha uchemke kwa muda, mara nyingi umefunikwa, kabla ya kuongeza unga. Zimbabwe unga wa kwanza unavurugwa kwenye maji baridi, yanafuata ya moto, unaachwa uchemke taratibu, ndipo unaongezwa unga wa kukazia.

Utasema ni tofauti ndogo. Si ndogo hata kidogo. Wanga uliochemka muda mrefu ndani ya maji mengi unavimba mpaka unashikana. Bonge linakuwa laini, linanyumbulika, halina chembe. Wanga uliomwagwa mwingi kwa mpigo kwenye maji kidogo yanayochemka haupati maji ya kutosha kuvimba wote. Unakuwa mkavu na mzito. Unga uleule, wapishi wawili, vyakula viwili. Mzambia ukimpa ugali unaokatwa kwa kisu ataona hujaupika ukaiva. Mkenya wa bara ukimpa nsima inayopakuliwa kwa upawa, laini, vipande vimelazwa kimoja juu ya kingine, atakuuliza kama ugali uliharibika. Nimeyasikia yote mawili, na wote wawili walikuwa sahihi kwa chakula wanachokijua.

Halafu kuna phuthu ya Afrika Kusini, ambayo inamaliza kabisa hoja ya kilekile. Ile inapikwa kwa makusudi iwe chengachenga. Maji kidogo, moto mdogo, mwiko unaguswa mara chache, na inaliwa na maziwa ya mgando. Kila kitu ambacho mama wa Iringa angekiita ugali ulioshindikana, pale ndicho kinachotafutwa. Na nchi hiyohiyo ina pap ngumu iliyoshikana, na pap laini ya asubuhi ambayo sisi tungeiita uji. Sasa uniambie "pap ni ugali wa kule". Pap ipi?

Vitabu vya mapishi vinapenda vipimo: vikombe viwili vya unga kwa vinne vya maji. Mimi vipimo hivyo siviamini na sivifundishi. Unga uliosagwa jana kutoka mahindi mapya na unga uliokaa ghalani havinywi maji sawa. Na mpaka kati ya uji mzito na ugali laini hauko popote. Kila jiko linauweka linapotaka. Mwanafunzi akiniuliza "sasa hivi umeshakuwa ugali?", jibu la kweli ni kwamba inategemea nani atakula.

Posho nipite haraka. Uganda ni ugali mweupe wa mahindi, chakula cha shule za bweni na maharage. Tanzania posho ni fedha unayopewa ukiwa safarini kikazi. Kenya posho mill ni mashine ya kusaga nafaka. Ukimwambia mhasibu wa Dodoma kwamba wageni wa Kampala wanataka posho, usishangae akikuletea fomu ya kusaini.

Linalonikera kuliko yote ni fufu, kwa sababu hapa kilekile inaweza kuumiza watu. Ghana fufu ni muhogo uliochemshwa, aghalabu pamoja na ndizi, ukatwangwa kwenye kinu mpaka uvutike. Kongo fufu ni unga, wa muhogo au wa muhogo na mahindi, unaosongwa kwenye maji ya moto. Jina moja, kazi mbili zisizofanana. Mashariki ya Kongo utasikia pia bugali, na Rwanda ubugari mara nyingi ni wa muhogo, wakati wa mahindi wanauita kawunga. Pwani yetu ugali wa muhogo una jina lake, bada, wa unga wa makopa. Kanda ya Ziwa kuna udaga, muhogo uliovundikwa kabla ya kukaushwa.

Kuvundika huko hakufanywi kwa ajili ya ladha tu. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sayanaidi, na kuuloweka au kuuvundika kisha kuukausha vizuri ndiko kunakoitoa. Watu wakifupisha hatua hizo, kwa kawaida wakati wa njaa, na wakawa hawana protini ya kutosha kwenye mlo, inakuja konzo: miguu inapooza ghafla na hairudi kama zamani. Ilitokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 wakati wa ukame. Ilitokea Tarime mwaka 1985. Kwa hiyo mtu anapoandika mtandaoni "huna udaga, tumia unga wowote wa muhogo, ni kilekile", namwomba kwa heshima zote afute. Huo unga wowote ulitoka kwenye muhogo gani? Ulilowekwa? Siku ngapi? Neno udaga lilikuwa limejibu maswali hayo yote, yeye akalitupa.

Nirudi kwenye dona, kwa sababu nilipoigusa najua kuna mtu tayari anataka kuandika kwamba dona ndiyo bora, mjadala umekwisha. Kwa lishe, dona ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo mashine ya kukoboa inazipeleka kwenye pumba za mifugo. Hilo halina ubishi. Wanaoimba wimbo huo wananyamaza kuhusu sumukuvu. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu, fangasi wanaoizalisha wanashamiri, na sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, yaani kwenye vile tunavyovitetea. Kukoboa kunaipunguza. Kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu.

Kwa hiyo dona ya mahindi yaliyokauka vizuri ni chakula kizuri sana, na dona ya mahindi yaliyonyeshewa ghalani ni mbaya kuliko sembe yake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa uhakika. Mzazi akiniuliza ampikie mtoto ipi, nasita, na nitaendelea kusita mpaka aniambie mahindi ameyatoa wapi. Ushauri wa "kula dona" usiotaja ukaushaji ni nusu ya ushauri.

Sasa haki itendeke kwa upande wa pili. Yapo majina yanayotofautiana na kitu kikawa kimoja kweli. Wimbi ya Mkenya ni ulezi wa Mtanzania, punje ileile, na Zimbabwe ni rapoko. Hapo tafsiri bila wasiwasi. Ila usisafirishe tafsiri mpaka sahani: kalo ya Uganda ni ulezi uliochanganywa na unga wa muhogo, na huo muhogo ndio unaoipa mvuto wake. Ugali wa ulezi mtupu hautakuwa kalo.

Makande na githeri? Karibu kila mtu anasema ni kilekile. Githeri ya kawaida ni mahindi yenye ganda lake na maharage. Makande mengi ya Tanzania ni ya mahindi yaliyokobolewa, na pwani yanatiwa nazi. Ndugu yake wa damu huko Kenya ni muthokoi ya Wakamba, si githeri. Ukimwahidi Mkikuyu githeri ukampa makande ya nazi, atakula kwa adabu, lakini hukumpa ulichomwahidi.

Chapati sina muda nayo leo. Ya India ni ya ngano isiyokobolewa, inachomwa kwenye chuma kikavu mpaka ivimbe; yetu yenye tabaka na mafuta iko karibu zaidi na paratha. Matoke si mzuzu. Mzuzu ni gonja kwa Waganda na makemba kwa Wakongo. Matoke ni ndizi nyingine, na Buganda zinamenywa, zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinapikwa kwa mvuke na kupondwa zikiwa ndani ya majani hayo. Ndizi za kuchemsha na nyanya na viazi ni chakula kizuri. Waandike tu hivyo.

Mnaoniuliza ninafanyaje wageni wa Malawi wakija na dukani kuna sembe peke yake: uji naupa muda, moto mdogo, umefunikwa, mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Unga wa pili naongeza kidogo kidogo na kukomea mapema kuliko ninavyofanya nikiwapikia Watanzania. Napakua kwa upawa uliochovywa majini, vipande vidogo. Na kwenye kadi ya mezani naandika "ugali laini wa sembe". Nsima nitaiandika siku nitakayokuwa na unga wake.