Pilipili kwenye goti: maswali ya msimu wa baridi

Juni na Julai, baridi ikikaza Makete, Njombe na Uyole, wenye magoti yaliyosagika huyasikia zaidi, na pilipili ya kupaka kama dawa ya maumivu hurudi kwenye mazungumzo. Haya ndiyo yanayoulizwa mara nyingi.

Kitu kinachounguza kinatulizaje maumivu?

Kinachowasha ni kemikali iitwayo kapsaisini. Imejaa zaidi kwenye ile nyama nyeupe inayoshikilia mbegu, si kwenye mbegu zenyewe kama wengi wanavyodhani. Neva zinazopeleka taarifa za maumivu zina kipokezi kiitwacho TRPV1, mfano wa mlango, ambao hufunguka joto likifika kama nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini huufungua bila moto wowote, na ubongo ukapata taarifa kwamba ngozi inaungua. David Julius na wenzake huko California walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997. Mwaka 2021 yeye na Ardem Patapoutian wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Nafuu huja baadaye. Mlango ukifunguliwa tena na tena, neva huchoka na kuacha kuitikia. Dozi ikiwa kali, ncha zake hunywea kutoka kwenye ngozi, kisha huota upya baada ya wiki au miezi. Ndiyo maana nafuu hiyo si ya kudumu.

Krimu ya kapsaisini inapakwaje?

Kwa magoti na vidole vilivyosagika hutumika krimu ya asilimia 0.025; kwa maumivu ya neva, 0.075. Chukua kiasi cha punje ya njegere, paka mara 4 kwa siku, na uache angalau saa 4 kati ya mara moja na nyingine. Nafuu hutarajiwa baada ya wiki 2 hadi 4, na siku za mwanzo itawasha tu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huipaka kama dawa ya kuchua, siku goti likiuma, kesho wakaacha. Kwa mtindo huo neva haipati nafasi ya kuchoka: unabaki na mwasho bila faida. Kosa la pili ni la kwetu wa nchi ya baridi, yaani kuoga maji ya moto au kulikaribia jiko la mkaa muda mfupi kabla au baada ya kupaka. Joto hufungua mlango uleule, na mwasho huwa mkali mno.

Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Kama unatibu vidole vyenyewe, subiri nusu saa ndipo unawe. Usipake kwenye kidonda wala mchubuko. Nyonga usihangaike nayo, kiungo chake kiko ndani mno.

Si nitwange tu pilipili kichaa nichanganye na mafuta?

Hapana. Huwezi kujua ukali wake. Pilipili mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana. Watu hubabuka, wengine hutoka malengelenge. Ikishakuunguza, maji matupu hayasaidii sana kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki vizuri ndani yake: pangusa kwa mafuta ya kula, osha kwa sabuni, kisha maji baridi. Mdomoni, maziwa. Machoni ni maji safi mengi tu, usitie mafuta.

Na maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi?

Hapo ndipo kapsaisini ina ushahidi mzuri, lakini subiri malengelenge yapone kabisa. Kuna plasta ya asilimia 8, ambayo hubandikwa na mtaalamu wa afya kwa dakika 60, au 30 kwenye nyayo, na hairudiwi kabla ya miezi 3. Marekani iliiidhinisha mwaka 2009 kwa maumivu haya, na mwaka 2020 kwa miguu inayowaka moto kwa sababu ya kisukari. Wanaopata nafuu kubwa ni wachache kati ya wanaoitumia. Mwenye kisukari ambaye miguu imeshakufa ganzi asijipake chochote kinachounguza bila kuonwa na daktari, maana hatahisi akibabuka.

Kula pilipili kunaleta vidonda vya tumbo?

Vidonda vingi huletwa na bakteria *Helicobacter pylori* au dawa kama diklofenaki na aspirini. Pilipili huweza kuchochea kiungulia na kumtesa mwenye kidonda tayari.

Ni kweli inarefusha maisha?

Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia karibu watu laki 5, ulikuta waliokula vyakula vya pilipili siku 6 au 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 14. Lakini watu walitazamwa tu, hawakupangiwa cha kula; huenda walitofautiana kwa mengine mengi. Kachumbari yako iwe kali kwa sababu unaipenda.