Mshauri wa kujitegemea na leseni ya ukandarasi katika jimbo la California

Kiingereza cha Marekani humpa jina moja, "contractor", mtu anayefanya kazi kwa mkataba bila kuajiriwa na mtu anayejenga au kukarabati jengo la mwingine. Kiswahili kimewatenganisha: wa kwanza ni mshauri au mtoa huduma wa kujitegemea, wa pili ni mkandarasi. Utengano huo unasaidia kuielewa sheria ya California, kwa sababu fomu ya kodi inayomtaja mtu kuwa anajitegemea haimpi hata kidogo ruhusa ya kushika kazi ya ujenzi.

Leseni ya ukandarasi ni ruhusa ya jimbo, si ya serikali kuu ya Marekani, na kila jimbo lina utaratibu wake. Texas, kwa mfano, haimtaki mkandarasi wa majengo kwa jumla awe na leseni ya jimbo, ingawa inawataka mafundi umeme na mafundi bomba wawe nayo. California ina bodi yake ya leseni za makandarasi tangu mwaka 1929. Mwombaji huonyesha uzoefu wa angalau miaka minne ndani ya miaka kumi iliyopita, hufanya mtihani wa sheria na biashara pamoja na ule wa fani yake, kisha huweka dhamana ya dola 25,000. Asiye na nambari ya hifadhi ya jamii (Social Security) anaweza kutumia nambari ya mlipakodi (ITIN), jambo ambalo wahamiaji wengi wangefaidika kulijua mapema. Kazi ndogo imesamehewa, lakini msamaha huo ni mwembamba: tangu Januari 2025, gharama yote, vifaa vikiwemo, iwe chini ya dola 1,000, kazi isihitaji kibali cha ujenzi, na fundi asiajiri msaidizi. Kuigawa kazi moja kubwa katika ankara ndogondogo hakukubaliki.

Adhabu iliyo nzito kuliko zote haiko katika faini. Kifungu cha 7031 cha sheria ya biashara na taaluma kinamzuia mtu aliyefanya kazi inayohitaji leseni, bila kuwa nayo, asidai malipo mahakamani, na kinamruhusu mteja kudai arudishiwe kila alichokwisha kulipa, hata kama kazi ilifanywa vizuri. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya California ilikitumia kifungu hicho dhidi ya Hydrotech, kampuni ya New York iliyokuwa imefunga mitambo ya kutengenezea mawimbi katika bustani ya michezo ya maji mjini Palm Springs bila leseni ya California. Dai lake kwamba ilivutwa kuifanya kazi hiyo kwa ahadi za udanganyifu halikuinusuru. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba leseni inayopatikana kazi ikiwa imeshaanza haitoshi: asiyekuwa nayo kwa kipindi chochote cha utekelezaji hupoteza haki ya kudai malipo ya mkataba wote. Nakiona kifungu hiki kuwa kikali mno kwa fundi mwaminifu, lakini lengo lake liko wazi, nalo ni kuhakikisha kwamba hakuna anayefaidika kwa kuukwepa ukaguzi wa bodi.

Je, mshauri naye anahitaji leseni? Jibu hutokana na kazi anayoifanya, si cheo kilichoandikwa juu ya mkataba. Katika shauri la Fifth Day dhidi ya Bolotin la mwaka 2009, mahakama ya rufani ilikubali kwamba msimamizi wa mradi binafsi wa majengo ya viwanda, aliyemsaidia mwenye mali kuratibu na kufuatilia kazi huku mkandarasi mkuu mwenye leseni akibeba wajibu wa kujenga, hakuhitaji leseni ya ukandarasi. Kwa ukarabati wa nyumba za watu, hata hivyo, bunge la jimbo limeubana mlango huo: mshauri anayetoa au kusimamia zabuni ya mradi, au anayewapangia makandarasi ratiba na kuendelea kuusimamia mradi, huhesabiwa kuwa mkandarasi. Mhandisi aliyehamia Oakland akimpa jirani ushauri juu ya ufa ukutani ana swali moja la kujibu kuhusu taaluma yake ya uhandisi. Akianza kukusanya bei za mafundi na kuwapangia siku za kuja kumkarabatia jikoni, ameshaingia katika swali jingine kabisa, lile la leseni ya ukandarasi.

Kuna upande wa tatu ambao mara nyingi husahaulika. Kifungu cha 2750.5 cha sheria ya kazi kinasema kwamba anayefanya kazi inayohitaji leseni hawezi kuhesabiwa kuwa wa kujitegemea asipokuwa na leseni halali. Fundi wa namna hiyo akianguka kutoka kwenye paa, aliyempa kazi anaweza kujikuta ni mwajiri anayedaiwa fidia ya ajali kazini, ingawa wote wawili walitia saini karatasi inayosema vinginevyo.

Kwa sababu hizo, mkataba wa mshauri asiye na leseni unapaswa kueleza kazi yenyewe kwa usahihi: anakagua, anachora au anaandika ripoti, mwenye mali ndiye anayewachagua makandarasi, anayesaini nao na anayewalipa moja kwa moja. Maelezo hayo yana thamani pale tu yanapolingana na yanayotendeka katika eneo la ujenzi. Mkataba wa mkandarasi wa ukarabati wa nyumba nao unatakiwa uwe wa maandishi, utaje nambari ya leseni yake, na malipo ya awali yasizidi dola 1,000 au asilimia 10 ya bei, kile kilicho kidogo zaidi. Nambari hiyo huhakikiwa bure katika tovuti ya bodi, na jina linalotokea hapo linapaswa kuwa lilelile lililo kwenye mkataba.