Jenomu ya msindano ilivyosomwa ndani ya mbegu moja

Chukua mbegu ya msindano, mti ambao wengi Mufindi na Njombe huuita mpaina, uipasue kwa wembe kwa urefu wake. Katikati utaona kiinitete chembamba kama kipande cha uzi: huyo ndiye mche mtarajiwa, mtoto wa baba na mama. Kinachomzunguka ni nyama nyeupe, akiba yake ya chakula cha siku za mwanzo. Nyama hiyo haina chochote cha baba. Imetokana na mama peke yake, tena ina nakala moja tu ya maelekezo ya urithi, si mbili kama majani na mizizi.

Kwa mwenye kitalu hilo si neno. Kwa waliotaka kusoma jenomu ya msindano, yaani DNA yake yote herufi kwa herufi, liliwaokoa.

Mti waliouchagua ni Pinus taeda, msindano wa kusini-mashariki mwa Marekani unaotegemewa huko kwa mbao na karatasi. Jenomu yake ina herufi takriban bilioni 22. Ya binadamu ina bilioni 3. Usidhani basi mti umetuzidi ujuzi mara saba. Asilimia 82 ya maandishi hayo ni marudio, mengi yakiwa mabaki ya vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili na kujipachika kwingine.

Marudio hayo ndiyo balaa. Mashine haisomi kromosomu, yaani uzi mrefu wa DNA, toka mwanzo hadi mwisho. Husoma vipande vifupi, kisha kompyuta huviunga kwa kutazama vinavyolandana. Fikiria wimbo wa taarabu ulioandikwa karatasini, ukakatwa mstari mmoja mmoja. Beti utazipanga. Lakini kiitikio kimerudiwa mara kumi na vipande vyake vyote ni vilevile: kipi kilifuata ubeti upi? Sasa changanya humo nakala ya pili ya wimbo huohuo, iliyoandikwa na mtu aliyebadilisha neno hapa na pale. Ndivyo DNA ya jani ilivyo. Nyama ya mbegu inakuondolea nakala ya pili. Viitikio unabaki navyo.

Vipande vilivyosomwa vilikuwa kama bilioni 16. Programu iitwayo MaSuRCA iliunganisha kwanza vile visivyo na utata, mzigo ukapungua karibu mara 100 kabla ya kazi nzito kuanza. Na kwa kuwa mbegu moja ina DNA kidogo, vipande virefu vya kushikiza kazi nzima vilitolewa kwenye majani ya mti mama. Matokeo yalitangazwa Machi 2014 na kikosi kilichoongozwa na David Neale wa Chuo Kikuu cha California, Davis.

Faida mojawapo ilionekana mapema. Msindano huu husumbuliwa na kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu unaohama kati yake na mialoni na kuacha uvimbe mahali ambapo shina huvunjika kwa urahisi. Katika jenomu hiyo ilipatikana jeni inayodhaniwa kuupa mti kinga. Mche ungeweza kupimwa ukiwa bado kwenye kiriba, badala ya kusubiri uugue.

Je, sisi inatuhusu? Mti uliotawala shamba la miti la Sao Hill, huko Mufindi, ni Pinus patula, asili yake Mexico. Si mti uleule, ila ni ndugu: wote wana jozi 12 za kromosomu, na jeni za misindano kwa sehemu kubwa zimepangika kwa utaratibu unaofanana. Ramani ya mmoja humsaidia anayemchunguza mwingine, japo binafsi nisingemshauri mkulima asubiri maabara wakati bado ananunua mbegu asiyojua ilikookotwa.

Kazi ya 2014 ilikuwa na mapengo mengi. Mwaka 2017 likatoka toleo bora zaidi, kwa mashine zinazosoma vipande virefu. Mbegu ya mwanzo, bila shaka, haikuota. Mama yake anajulikana kwa namba tu: 20-1010.